Giaboksi Imekufa? Nionyeshe Ushahidi!

Najua nimepotea hapa kwa wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeoa au nimefungwa. Hakuna lolote kati ya hayo. Gari langu lilikufa giaboksi, basi. Kwa hivyo leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala lugha za programu. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ina magurudumu manne.

Hoja yangu naiweka mbele kabisa ili mwenye haraka aisome na kwenda zake. Mtu anayekuambia "giaboksi ya haibridi ikifa ni kununua mpya tu" bila kukuonyesha hata msimbo mmoja kutoka kwenye kompyuta ya gari lako, mtu huyo anakisia. Na anakisia kwa pesa zako. Giaboksi ya haibridi kuukuu inaweza kubadilishwa kwa bei ya mtu wa kawaida, mradi sisi wenye magari tuache kuogopa na tuanze kudai ushahidi.

Sasa kisa chenyewe.

Nina haibridi ndogo ya mwaka 2012, iliyotoka Japani ikiwa imetumika kama magari mengi ya hapa kwetu. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza kwa sababu kosa halikuwa lake. Mtaona lilikuwa la nani. Machi 2025 nilikuwa napanda kutoka Kikuyu kuelekea Limuru, dada yangu akiwa kando yangu, tukienda kumsalimia shangazi. Ghafla injini ikaanza kulia kama blenda huku gari haliendi. Nikakanyaga zaidi, kelele zikaongezeka, mwendo ukapungua. Matatu ikanipita na utingo akanipungia mkono. Nikaegesha kando ya barabara, na hapo ndipo palipokuwa mwisho wa safari.

Gereji ya kwanza nilikovutwa ina sakafu inayong'aa na mashine ya kahawa. Makanika mkuu akawasha injini, akasikiliza kama sekunde ishirini, akazima. "Kijana, giaboksi imekufa. Haibridi haitengenezwi, tunaagiza mpya. Ni laki tatu na arobaini elfu pamoja na kazi. Nusu ulipe leo."

Nikamuuliza, "Misimbo ya hitilafu inasema nini?"

Akacheka. "Hii kazi tunaijua kwa masikio."

Jamani. Gari lenyewe wakati ule lilikuwa na thamani ya kama laki sita na nusu. Na zile laki tatu na kitu nilizokuwa nazo benki hazikuwa za gari. Zilikuwa karo ya dada yangu, huyo huyo aliyekuwa kando yangu, mwaka wa pili chuoni. Alikuwa amesimama pale akisikia kila neno, na hakusema kitu. Nikamwambia makanika nitafikiria, nikalipa tena gari la kuvuta, tukaenda nyumbani.

Wadau, kazini kwangu mteja akipiga simu kusema "mfumo umekufa", siwezi kumwambia anunue seva mpya kwa sababu nimesikia feni ikilia. Kwanza nafungua logi. Gari la leo nalo lina logi. Chini ya usukani kuna soketi yenye pini 16. Marekani iliifanya kuwa lazima kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na dunia nzima ikafuata. Kifaa cha Bluetooth cha kuchomeka pale nilikinunua kwa shilingi 1,800, programu ya kukisoma iko bure kwenye simu, na baada ya dakika tano gari likaanza kuongea: P0868. Huo ni msimbo wa kawaida unaofahamika kote, na maana yake ni kwamba shinikizo la mafuta ya giaboksi liko chini.

Msimbo peke yake hautoshi, naomba tuelewane hapa. Msimbo unakuonyesha mlango, haukuonyeshi mwizi. Shinikizo linaweza kuwa chini kwa sababu mafuta yamepungua, au chujio limeziba, au pampu imechoka, au sensa inadanganya. Kwa hivyo nikaenda kwa fundi mmoja mzee wa kule Grogan, mtu asiye na mashine ya kahawa, nikamwomba amwage mafuta ya giaboksi mbele ya macho yangu. Yalitoka meusi, yananuka kuungua, na kwenye sumaku ya trei kulikuwa na vumbi la chuma zito kama uji. Mzee akaling'arisha kwa tochi, akanitazama kwa huruma. "Hapa hakuna la kuokoa, mwanangu. Nani alikuwekea haya mafuta?"

Mimi. Mimi ndiye niliyewekewa, na mimi ndiye niliyechagua. Mwaka mmoja kabla, kwenye gereji moja ya kando ya barabara, niliuliziwa kama nataka mafuta maalumu au yale ya kawaida ya gari la otomatiki, na tofauti ilikuwa shilingi elfu tatu. Nikachagua ya kawaida, nikajiona mjanja.

Sasa sikilizeni kwa nini ujanja ule ulikuwa ujinga. Giaboksi ya gari langu ni ya aina ya ukanda, ile isiyo na gia za hatua kwa hatua. Ndani kuna puli mbili zenye umbo la pia na ukanda wa chuma unaozunguka kati yake. Mafuta yenye shinikizo hubana zile puli, na kwa kubana na kulegeza, uwiano hubadilika polepole bila mshtuko. Mota ya umeme imekaa kati ya injini na giaboksi, kwa hivyo nguvu zote mbili hupitia kwenye ukanda huo huo. Chuma kinashika chuma. Mafuta ya aina hii lazima yalainishe na wakati huo huo yaruhusu mshiko. Ukiweka ya kawaida, ukanda unateleza, unajikwangua na kukwangua puli, chembe zinaziba njia, shinikizo linashuka, ukanda unateleza zaidi. Mchezo umekwisha.

Kwa hivyo yule makanika wa mashine ya kahawa alipatia! Giaboksi ilikuwa imekufa kweli. Nalisema hili wazi ili mtu asije akanikumbusha kwenye maoni. Lakini kupatia bila ushahidi ni bahati nasibu, na mimi sichezi bahati nasibu kwa karo ya mtu.

Mnataka mfano wa aliyekosea? Jirani yangu anaendesha teksi, haibridi ndogo ya aina nyingine. Gari lilipoteza nguvu, taa zikawaka, gereji ikamwambia klachi za giaboksi zimekwisha, alete laki mbili. Nikachomeka kile kifaa changu cha shilingi 1,800. Msimbo ukatoka P0A93, unaohusu kupozwa kwa inverta. Pampu ndogo ya maji ya kupoza ilikuwa haizunguki. Ilibadilishwa asubuhi moja, na jioni alikuwa barabarani akitafuta abiria.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kama si la kusikitisha. Gari lile lina mfumo wa aina ya Toyota, ule ulioanza na Prius iliyozinduliwa Japani Desemba 1997. Kwenye mfumo huo hakuna klachi za kubadilisha gia! Kuna mota mbili za umeme na seti ya gia za sayari zinazogawa nguvu kati ya injini, mota na magurudumu. Gia zimeshikana muda wote. Hazibadilishwi, hazina ukanda, hazina klachi. Kati yake na injini kuna kifaa cha kupunguza mtikisiko, lakini hicho si klachi ya giaboksi. Mtu alitaka kumuuzia jirani yangu matibabu ya kiungo ambacho mgonjwa hana.

Kwa hivyo "giaboksi ya haibridi" si kitu kimoja, na anayeizungumzia kana kwamba ni kitu kimoja umwogope. Kuna ya gia za sayari. Kuna ya ukanda kama yangu. Na kuna ya klachi mbili, kama ile ya Honda Fit Hybrid ya mwaka 2013, yenye gia saba na mota ndani yake. Hiyo ya tatu ina funzo kubwa kwetu watu wa programu. Gari lilizinduliwa Septemba 2013, na kufikia Oktoba 2014 lilikuwa limeitwa kurekebishwa mara tano. Baadhi ya marekebisho yale hayakuhusu chuma hata kidogo, yalihusu programu inayoongoza giaboksi. Kampuni ikatangaza kuwakata mabosi wake mshahara, akiwemo rais wake wa wakati huo Takanobu Ito. Fikirieni hilo. Kiwanda chenyewe kilikiri kwamba giaboksi inaweza kuugua kwa sababu ya programu, halafu fundi wa huku anakuambia anaijua kwa masikio. Masikio yanasikiaje programu?

Turudi kwa gari langu. Mzee wa Grogan alinitafutia giaboksi iliyotumika kutoka Japani. Hapa ndipo watu wengi huumia, kwa hivyo naeleza taratibu. Jina la gari halitoshi. Gari moja lenye jina moja huwa na giaboksi tofauti kulingana na mwaka, injini, na kama ni la magurudumu mawili au manne ya kuvuta. Tulisoma namba iliyobandikwa kwenye giaboksi yangu, na muuzaji wa kwanza alipotuletea iliyofanana kwa macho lakini namba tofauti, mzee akaikataa. "Hii ni binamu," akasema. "Sisi tunataka pacha." Tukasubiri siku tisa, pacha akapatikana.

Giaboksi ikafungwa, mafuta sahihi yakawekwa, nikalipa, nikaondoka na tabasamu. Nilifika mzunguko wa kwanza wa barabara. Gari likianza kuondoka linatetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikarudi nikiwa nimenuna, mzee akakuna kichwa, akasema chuma ni kizuri, amekikagua mwenyewe.

Alikuwa sahihi. Chuma kilikuwa kizuri, ila kompyuta bado ilikuwa inaikumbuka giaboksi ya zamani! Ilikuwa imezoea vipimo vya maiti na ikavitumia kwa mgeni. Giaboksi ya aina hii ikibadilishwa, kompyuta yake lazima ifundishwe upya vipimo vya kifaa kipya, na hilo halifanyiki kwa spana wala kwa kile kifaa changu cha bei rahisi. Linahitaji programu ya kiwango cha kiwanda. Kijana mmoja mwenye laptopu alikuja, akachomeka, akafuata hatua kwenye skrini, na kwa shilingi 8,000 na kama dakika arobaini mtetemeko ukaisha. Niliendesha hadi Limuru na kurudi nikiwa nimezima redio, nikisikiliza tu.

Hesabu ni hii. Giaboksi 75,000. Kazi ya fundi 25,000. Mafuta sahihi 9,600. Sili na vishikizo vya mpira 6,400. Kufundisha kompyuta 8,000. Kifaa cha kusoma misimbo 1,800. Gari la kuvuta mara mbili 6,000. Jumla shilingi 131,800. Linganisha na 340,000. Dada yangu yuko darasani.

Sasa nawasikia wenye hoja za upande wa pili, na si wajinga, kwa hivyo niwajibu.

Wa kwanza anasema kifaa kilichotumika ni kununua mbuzi kwenye gunia. Ni kweli, kuna hatari. Kama gari lako ni jipya na lina thamani ya milioni tatu, nunua giaboksi mpya na ulale salama. Lakini kwa gari la miaka 13, kuweka kifaa kinachokaribia nusu ya thamani yake ni kushona suti ya harusi kwa mtu anayeenda kulima. Hatari ya kifaa kilichotumika inapunguzwa kwa namba inayolingana, ukaguzi wa mafuta yaliyomo, na dhamana ya maandishi.

Wa pili anasema haibridi ina umeme unaoua, usiwape mafundi wa jua kali. Hapa nakubali kwa mikono miwili. Prius ya kati ya mwaka 2004 na 2009 ina betri ya volti 201.6, na inverta yake huweza kupandisha hadi volti 500. Hiyo si ya kuchezea. Nyaya za rangi ya machungwa haziguswi kabla plagi ya usalama ya betri haijatolewa na muda wa kusubiri unaotajwa kwenye mwongozo haujapita, na glavu ziwe za umeme mkubwa, si za kuoshea vyombo. Mzee wangu ana glavu hizo na alisubiri. Fundi asiyejua hili usimpe gari, hata kama gereji yake ina mashine ya kahawa. Umeme haujali sakafu inayong'aa.

Wa tatu anasema haibridi zote ni takataka za Wajapani, tusingezinunua. Huyu namwambia hivi: kwa kiwango cha KS 1515, gari lililotumika haliingii nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake linafika likiwa bado na maisha, lakini likiwa limeacha nyuma dhamana ya kiwanda, kitabu cha matengenezo na mara nyingi hata lugha. Wangapi hapa mnaendesha gari ambalo skrini yake inaandika onyo kwa Kijapani nanyi mnabonyeza sawa, sawa, sawa? Gari limekuwa likikuambia kwa miezi kwamba linaumwa. Wewe ndiye hukuelewa. Piga picha onyo hilo, simu yako inaweza kulitafsiri.

Na sasa nawageukia wakubwa. Kifaa changu cha shilingi 1,800 kilisoma misimbo ya kawaida, lakini kazi muhimu kuliko zote, kuifundisha kompyuta, ilikuwa imefungiwa ndani ya programu ambayo mwenye gari hapewi. Nimelinunua gari, nimelipa ushuru, logibuku ina jina langu, lakini ubongo wake hauongei nami. Huko Marekani wapiga kura wa Massachusetts walilikataa jambo hili kwenye kura ya Novemba 2012, na wakarudia Novemba 2020 walipoona magari yameanza kutuma taarifa hewani. Walidai kwamba mwenye gari na fundi anayemchagua wapate taarifa zile zile za matengenezo. Je, sisi tunaoendesha magari makuukuu kuliko yao hatuna haja zaidi?

Tena kwetu msingi upo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari: makadirio ya bei kabla ya kazi, kurudishiwa vipuri vilivyotolewa, na dhamana ya kazi iliyofanywa. Ni wangapi kati yetu tumewahi kudai hata kimoja? Tunabishana na muuza nyanya juu ya shilingi tano, kisha tunampa makanika laki tatu kwa neno lake tu.

Kwa hivyo ukifika gereji na haibridi yako imegoma, fanya haya:

1. Dai misimbo yote iandikwe kwenye karatasi kabla ya kazi na tena baada ya kazi. Usikubali ifutwe kabla hujaipiga picha.
2. Uliza giaboksi yako ni ya aina gani: gia za sayari, ukanda, au klachi mbili. Asiyejibu hili asiifungue.
3. Mafuta yamwagwe ukiwa umesimama pale. Rangi, harufu na chuma kwenye sumaku haviongopi.
4. Namba ya giaboksi mpya ilingane na ya zamani. Pacha, si binamu.
5. Kabla ya kukubaliana bei, uliza nani ataifundisha kompyuta na kwa kifaa gani.
6. Dhamana iandikwe na kutiwa sahihi, na kifaa cha zamani urudishiwe.
7. Weka mafuta yaliyoandikwa kwenye mwongozo wa gari. Ukishawishika kuokoa elfu tatu, nikumbuke mimi pale kando ya barabara ya Limuru.

Na ninyi mafundi mnaonisoma, najua mpo. Sina ugomvi na kazi yenu. Nilipata mwalimu Grogan, mikono yake inajua mambo ambayo digrii yangu haijui. Lakini hata yeye sasa amenunua kifaa cha kusoma misimbo, na juzi alinipigia simu kuniuliza maana ya msimbo mmoja asioufahamu. Tuliutafuta pamoja tukaupata. Kama mzee wa miaka sitini anaweza kujifunza kufungua logi, wewe kijana wa mashine ya kahawa una kisingizio gani?

Wenye visa vyenu viandikeni hapa chini, hasa wa magari ya klachi mbili, maana huko sijafika. Andikeni msimbo, mwaka wa gari na mlicholipa. Majina ya gereji acheni, tusije tukapelekana kortini.

Wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata, naahidi.